Mti wa Mbele ya Nyumba Unapogoma: Dalili, Sababu na Tiba kwa Viwanja vya Nairobi

Julai ikiingia, mawingu yakalala juu ya Nairobi wiki nzima bila jua kuchungulia, simu yangu haitulii. Mti umepukutika majani. Mti umegeuka manjano. Mti ulionunuliwa kwa pesa nyingi kwenye kitalu cha kando ya barabara umebaki ufito mtupu mbele ya geti. Na karibu kila anayepiga ana swali lilelile: nipulizie dawa gani?

Nami humuuliza: umechimba kando ya shina ukaona kilichoko chini? Katika kazi yangu ya bustani, miti midogo ya mapambo niliyoiona ikiuawa na wadudu ni ya kuhesabu kwa vidole. Mingi huuawa na shimo ilimopandwa, na maji inayomwagiwa, au na uamuzi wa siku ya kununua, pale mtu alipopenda picha ya maua bila kuuliza kama mti huo unaijua baridi yetu. Kwa hiyo tutaanza na dalili inayoonekana kwa macho, lakini mara nyingi tutaishia na jembe mkononi.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi yenyewe. Katikati ya Nairobi ni karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 au 12 za Selsiasi, asubuhi ni ukungu, mchana ni mawingu. Baridi hiyo haigandishi maji. Inachofanya ni kuuacha udongo umelowa siku nyingi huku jua likiwa hafifu, na mti uliozoea joto ukakaa kama mtu aliyevaa nguo mbichi. Ukipanda kuelekea Limuru na Tigoni, zaidi ya mita 2,000, hadithi inabadilika, na huko tutafika baadaye.

Majani yanageuka manjano na kudondoka kati ya Juni na Agosti

Hakikisha kwanza kama mti umekufa kweli. Kwangua gome la tawi dogo kwa ukucha, sehemu ya ukubwa wa punje ya mchele. Pakiwa kijani na unyevunyevu chini yake, tawi lingali hai. Pakiwa kahawia na pakavu, shuka kidogo ukwangue tena, hivyo hivyo hadi shinani. Iko miti ambayo ilikuwa imeshanolewa panga, ikaokolewa na ukucha tu.

Kama mti wako ni frangipani, huenda hauumwi kitu. Huo ni mti wa nchi za joto. Baridi ikizidi hudondosha majani yote na kubaki na vidole vinene vya kijivu. Ubonyeze kwenye ncha za matawi. Ncha ngumu maana yake umelala, uache, na usiumwagilie hadi Septemba. Ncha laini inayobonyea kama ndizi iliyoiva sana maana yake kuoza kumeanza ndani. Kata kwa kisu safi, ukirudi nyuma sentimita chache chache, mpaka uone nyama nyeupe isiyo na doa na utomvu wa maziwa unaotiririka. Ukiona unga wa rangi ya chungwa chini ya majani yaliyobaki, hiyo ni kutu, ugonjwa wa kuvu; okota majani yote yaliyoanguka uyatoe uani, kwa sababu yakibaki chini yatauambukiza mti tena mvua zikirudi.

Lakini kama ni mti wa kijani cha mwaka mzima, kwa mfano botobrashi, ule wa maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa, au jana-leo-kesho yenye maua yanayoanza zambarau na kuishia meupe, basi manjano ya Julai ni malalamiko. Mara nyingi mti unazama. Bustani nyingi humwagiliwa kwa mazoea: ndoo asubuhi, ndoo jioni, Februari sawa na Julai. Februari mti hunywa zote mbili na kuomba ya tatu. Julai maji yanabaki palepale, yanaziba vitundu vya hewa vilivyo udongoni, na mizizi inakosa pumzi. Ingiza kidole chote ardhini karibu na shina. Kikitoka na udongo ulionata, weka ndoo chini urudi baada ya siku tatu kupima tena. Huyo kijana anayekusaidia bustanini naye mwonyeshe namna ya kupima kwa kidole, kwa sababu wengi waliambiwa tu "mwagilia", wala hakuna aliyewaambia ni lini waache.

Hapa ndipo aina ya udongo inapoamua mambo, na Nairobi ina nchi mbili. Upande wa Lavington, Runda, Muthaiga hadi Kiambu kuna udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Upande wa Embakasi, Utawala, Ruai, Syokimau hadi Kitengela kuna ule mweusi mzito, unaonata kama ugali mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kumeza kiatu kiangazi kikikaza. Ushauri wa udongo mmoja ukiupeleka kwa mwingine, unaua.

Mama mmoja wa Utawala aliniita akiwa karibu kulia. "Mwanangu, nimefanya kila kitu walichoniambia. Nimechimba shimo la futi tatu, nimeweka samadi, nimenunua lori la udongo mwekundu. Kwa nini bauhinia yangu inakufa?" Nikashindilia mtaimbo kando ya shina, nikauvuta. Nusu ya chini ilitoka imelowa, inanuka yai viza. Tulipofukua, mizizi ilikuwa myeusi. Nikaushika mmoja kati ya vidole viwili, ganda likavuka lote, ukabaki uzi mweupe mwembamba kama wa kushonea gunia. Shimo lake zuri lilikuwa limegeuka beseni. Udongo mwekundu uliolegea ulipokea maji yote ya uwanja, na ule mweusi wa pembeni ukayazuia yasitoke.

Kipimo ambacho angekifanya kabla ya kupanda hakigharimu hata shilingi. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena. Maji ya pili yakiisha ndani ya saa chache, panda kawaida. Yakilala hapo hadi kesho yake, usichimbe chini kabisa: inua. Tengeneza tuta la urefu wa sentimita 30 au 40 na upana wa mita moja na nusu, panda mti juu yake, na uchimbe mfereji mdogo wa kutoa maji kwenye upande wa mteremko. Januari na Februari, udongo ukianza kupasuka, funika tuta kwa nyasi kavu, maana nyufa zile hukata mizizi midogo kama wembe. Nyasi zisiguse shina. Mchwa hupenda kuanza safari yao hapo. Yule mama hakupanda bauhinia tena. Alipanda botobrashi, ambayo kwao Australia hupatikana hata kingoni mwa mito na huvumilia miguu yenye maji kuliko miti mingi ya mapambo.

Jani ni manjano lakini mishipa yake imebaki kijani

Hii ni manjano nyingine kabisa, na wengi huichanganya na ile ya kwanza. Jani linaonekana kama ramani: barabara za kijani kwenye nchi ya manjano, na huanzia kwenye majani machanga ya ncha. Jana-leo-kesho na gadenia ndizo huonyesha upesi. Mti unakosa madini ya chuma, ingawa mara nyingi chuma kimo udongoni.

Chimba uone. Mbele ya nyumba nyingi mpya, chini ya kitanga kimoja cha udongo mzuri, kuna vipande vya saruji, chokaa ya plasta, kokoto na maram iliyosawazishwa na mkandarasi siku ya kukabidhi funguo. Saruji huufanya udongo uwe na chokaa nyingi, na katika hali hiyo chuma hujifunga, mizizi haiwezi kukinyonya. Chukua udongo mkavu kiganjani, udondoshee siki ya jikoni. Ukitoa povu na kuchachatika, umepata jibu.

Unaweza kununua chuma cha majimaji kwenye agroveti ukapulizia majani, nayo yatarudi kijani kwa muda, ila dawa hiyo ni ya kuazima. Tiba ya kudumu ni kutoa kifusi hicho, angalau mita moja kila upande wa shina, na kurudisha udongo mwekundu uliochanganywa na mboji. Kama mti bado ni mdogo, uhamishe kabisa. Na kama unajenga sasa hivi, nakusihi: mwambie fundi asichanganyie saruji mahali utakapopanda mti. Ni maneno machache tu, yanaokoa miaka.

Mti una afya, umenawiri, lakini hautoi maua

Haya ndiyo malalamiko ninayopenda zaidi, kwa sababu mti uko hai na jibu huwa linapatikana ukikaa nao.

Anza na jua. Nairobi iko nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta, na jambo hilo lina maana mbele ya nyumba yako. Kuanzia katikati ya Machi hivi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Disemba linapita kusini. Kwa hiyo mti uliopandwa kusini mwa ukuta mrefu unanyimwa jua katika miezi ileile ya baridi na mawingu. Mwezi Juni, jua likiwa juu kabisa, mnamo saa sita na nusu mchana, ukuta wa mita 6 hutupa kivuli cha karibu mita 3 upande wa kusini. Ghorofa la mita 15 hutupa kivuli cha karibu mita 7, na hicho ndicho kivuli kifupi zaidi cha siku nzima; asubuhi na jioni hurefuka. Mitaa kama Kileleshwa na Kilimani, ambako nyumba za chini zimezungukwa na maghorofa, nimeona botobrashi iliyochanua miaka kumi ikanyamaza baada ya jirani kujenga. Hakuna mbolea itakayorudisha jua. Pima kabla ya kupanda: simama mahali hapo mchana mmoja wa Juni uhesabu saa za jua. Chini ya saa tano, tafuta mti wa kivuli au sogea.

La pili ni makasi. Tuna desturi ya kukata kila mti uwe mviringo kama mpira, kila mwezi, kwa sababu unaonekana nadhifu. Botobrashi hubeba maua kwenye ncha za matawi. Ukikata ncha kila mwezi, unavuna maua kabla hayajazaliwa. Kata mara moja tu, maua yakishamaliza kunyauka, kisha uuache mwaka mzima. Mti utaota kwa vurugu kidogo, na vurugu hiyo ndiyo itakayokuletea chozi, wale ndege wadogo wanaong'aa wanaofyonza nekta.

La tatu ni mbolea ya nyasi. CAN, ile mbolea ya nitrojeni, ukiitawanya uwanjani kila mvua, mizizi ya mti huifikia pia. Nitrojeni hujenga majani. Mti ulioshiba hivyo hauna haraka ya kuchanua. Acha duara la mita moja na nusu bila mbolea hiyo.

La nne ni gumu kumwambia mtu, lakini nitalisema: pengine umenunua mti usiofaa nchi hii. Kila mwaka nakuta mtu amenunua mche wa cheri ya Kijapani, au mepo ya majani mekundu, kwa sababu aliiona ikimeremeta kwenye picha za nchi za majira manne. Miti hiyo hulala wakati wa baridi, na ili iamke vizuri inahitaji kuhesabu mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 hivi. Hiyo ndiyo saa yake ya kengele. Nairobi ina baridi ya kumchosha mtu, lakini mara chache sana kipimajoto hufika huko, na kikifika jua la asubuhi hukipandisha. Mti haupati kengele. Utaona kijiti kirefu kitupu chenye kishada cha majani nchani, ua moja hapa, ua moja kule, mwezi wowote usio na mpango. Watu huulisha mbolea, huuhamisha, huuombea. Haukosi mapenzi yako. Unakosa msimu ambao hatuna. Kule Limuru na Tigoni plamu na pichi huweza kuchanua, lakini hizo ni aina zinazoridhika na baridi kidogo, na ziko juu zaidi.

Kosa hilo lina upande wa pili. Mkrismasi, ule mti wa maua mekundu unaowaka Mombasa mwisho wa mwaka, watu wa Pwani huuleta Nairobi kwa hamu ya nyumbani. Hapa hukua polepole, huchanua kwa uchache, na ukichangamka hutanua mwavuli usioenea mbele ya nyumba ya kiwanja cha futi 40 kwa 80. Kama moyo wako unataka mti mwekundu, panda muhuti wa hapa hapa, unaochanua ukiwa hauna majani, wakati wa kiangazi. Una miiba na gome nene lililopasuka, na ni mti wa heshima kwa Wakikuyu tangu zamani.

Ncha za majani zimekauka kama zilizounguzwa

Kama ni drasena au kodilini, na majani yamekauka nchani tu huku mti ukiendelea vizuri, uliza maji yanatoka wapi. Mitaa mingi ya Nairobi hutumia visima virefu, na maji ya visima vyetu vingi yana floridi nyingi, ileile inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia. Drasena huikusanya kwenye ncha za majani hadi zinakufa. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati uimwagilie hayo, au panda aina nyingine pale.

Saipresi ya getini inakufa vipande vipande

Saipresi nyembamba mbili, moja kila upande wa geti, ni pambo la kawaida mjini. Tawi moja linageuka kahawia, kisha la jirani yake, mara nyingi kuanzia ndani kuja nje. Fungua matawi kwa mikono miwili utazame kwenye vijiti vyenyewe. Ukiona wadudu wanene wa rangi ya kijivu na kahawia wamejipanga wakielekea upande mmoja, na vidole vyako vikanata, hao ni vidukari wa saipresi. Walionekana Kenya mwaka 1990 wakaangamiza ua na mashamba ya saipresi kwa kasi iliyowatisha watu wa misitu. Mate yao huua kijiti wanachokinyonya.

Huu ni ugonjwa mmojawapo ambao dawa ya kupuliza inasaidia kweli, mradi uwahi. Kata yaliyokauka, pulizia dawa ya vidukari ukifuata maelekezo ya kopo, jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Lakini fahamu kwamba saipresi haichipui kutoka kwenye kijiti kikavu kisicho na kijani. Upande uliokufa utabaki na pengo. Zaidi ya theluthi ikishakufa, mimi huung'oa, na sirudishi saipresi mahali hapo.

Majani yamepakwa masizi meusi

Paka kidole mate ufute. Masizi yakitoka, ni kuvu linaloota juu ya sukari inayodondoshwa na wadudu wanaonyonya: vidukari, vidung'ata au wadudu gamba. Angalia shina utaona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye barabara yao. Sisimizi ni wachungaji. Wanawalinda wale wanyonyaji ili walambe sukari. Zungushia shina kitambaa kilichopakwa grisi, kata matawi yanayogusa ukuta ili wasipate daraja, kisha osha majani kwa maji ya sabuni kidogo, jua likiwa limepoa. Rudia baada ya wiki. Usikimbilie sumu kali, kwa sababu utaua pia mbawakawa wale wadogo wa mviringo wenye madoa, ambao kazi yao ni kula wanyonyaji hao. Nchi hii inawadai shukrani: katika miaka ya 1940 aina moja yao ililetwa Kenya kuokoa jakaranda kutokana na mdudu aliyekuwa akizimaliza, ikafanikiwa.

Mti unakufa ghafla, au unayumba ukiusukuma

Usukume shina kwa kiganja. Mti wa miaka mitatu ukicheza kwenye udongo kama jino bovu, mizizi haikushika. Mara nyingi kosa lilianzia kitaluni. Mche uliokaa sana kwenye karatasi ya plastiki huzungusha mizizi yake ndani, na ukiupanda hivyo utaendelea kujizungusha mpaka ujinyonge. Nimewahi kufukua kasia ya miaka minne nikakuta umbo la mfuko bado liko palepale, mizizi imejisokota kama kata ya kubebea mtungi, na mzizi mmoja mnene kama kidole gumba umeuzunguka shina na kulikaba. Hakuna tiba ya hapo. Siku ya kununua, mwombe mwuzaji akufungulie mfuko chini. Mzizi mnene ukitokeza na kugeuka, chagua mche mdogo zaidi. Mche wa futi mbili wenye mizizi iliyonyooka humpita ule wa futi sita baada ya misimu michache, nami nimeuona ushindi huo mara nyingi mno kuutilia shaka.

Kisha chunguza shina lenyewe pale linapokutana na ardhi. Likizama wima kama nguzo bila kupanuka, mti umepandwa chini mno. Fukua taratibu mpaka uone mizizi ya kwanza ikitawanyika. Likiwa na kidonda kilichozunguka, ni slasha ya kukatia nyasi. Gome likikatwa mzingo mzima, chakula kutoka majanini hakishuki tena. Ondoa nyasi kabisa pale chini, slasha isiwe na sababu ya kukaribia. Na kama kabro imepangwa hadi shinani, ng'oa mawe ya mita moja kuzunguka. Mvua inayopita juu ya kabro kwenda mtaroni mti hauionji.

Kwa wanaoishi mitaa iliyokatwa kutoka mashamba ya kahawa, kando ya Barabara ya Kiambu, au palipokuwa na chai na msitu kuelekea Limuru, kuna jambo moja la kuogopa. Mti mzima unanyauka, gome la chini limepasuka. Libandue kwa kisu. Ukikuta utando mweupe kama karatasi laini, wenye harufu ya uyoga, hilo ni kuvu la Armillaria linaloishi kwenye visiki na mizizi ya zamani iliyobaki ardhini. Mti hauponi. Ung'oe na mizizi yake yote, tafuta kile kisiki cha zamani nacho ukitoe, na kwa miaka kadhaa panda hapo nyasi au maua tu, si mti.

Kabro inainuka, ukuta unapasuka

Huu kwa kawaida ni ule mfikusi wa majani yanayong'aa, uliouzwa ukiwa umesukwa shina kama nywele na kuonekana mpole. Mizizi yake huenda mbali ikitafuta maji, na hayo huyapata kwenye bomba na shimo la choo. Kukata mizizi upande mmoja kunauacha mti bila nanga siku ya upepo. Ung'oe ungali mwembamba.

Limuru, Tigoni na juu zaidi: majani meusi alfajiri

Ukiamka baada ya usiku wa anga safi lisilo na upepo, hasa katika kiangazi cha Januari na Februari, ukakuta majani ya juu yamekuwa meusi na kulegea kama yaliyomwagiwa maji moto, huku yaliyokuwa chini ya ukingo wa paa yamesalimika, hiyo ni jalidi, yaani umande ulioganda. Hewa baridi ni nzito. Hutiririka kama maji kwenye mteremko na kukusanyika bondeni au nyuma ya ukuta usio na upenyo. Panda mti upande wa juu wa kiwanja, na geti la chini liwe la vyuma vyenye nafasi ili hewa ipite. Usikate matawi yaliyoungua mara moja. Subiri machipukizi mapya yakuonyeshe uhai umeishia wapi. Mche mdogo ufunike kwa gunia jioni, uufunue asubuhi. Huko sipandi frangipani hata kidogo. Napanda mukeu, mti wa milima yetu, wenye vishada vya maua meupe ambayo nyuki hawayaachi.

Kabla hujanunua tena

Nenda ukauone mti ukiwa mtu mzima. Arboretum ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kulisha reli kuni, na leo unaweza kutembea humo ukaona miti ya kigeni na ya asili ikiwa imefika kimo chake chote. Ukisimama chini ya jakaranda pale, hutaipanda tena mita mbili kutoka sebuleni. Miche ya asili huuzwa kitaluni msitu wa Karura, na KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kule Muguga hushughulika na mbegu za miti.

Kwa uwanja mdogo wenye udongo mwekundu na jua, mimi huanza na bauhinia, au murarachi kama kuna nafasi ya mita 8 kila upande. Maua yake ya waridi yamezaliwa na misitu hii hii. Udongo mweusi: botobrashi au muhuti, juu ya tuta. Kona yenye kivuli cha nusu siku: jana-leo-kesho, ila kama una mbwa anayetafuna vitu, acha, mbegu na majani yake ni sumu kwake. Mti wa maua ya manjano unaoitwa thevetia siupandi penye watoto, hata nikilipwa, kwa sababu mbegu zake zinaweza kuua.

Panda mvua ndefu zikishashika, mwishoni mwa Machi au Aprili. Mti utapata wiki kumi hivi za udongo wenye joto na maji ya kutosha kabla mawingu ya Juni hayajafunga. Shingo ya shina ibaki juu ya ardhi, mizizi umeinyoosha kwa vidole, kigingi kimefungwa kwa kitambaa laini. Julai usipoona chipukizi jipya, usishtuke wala usiongeze maji. Kwangua gome, tazama kijani, uuache hadi Septemba.